Aliyetengewa Sahani

Juzi mjini Sumbawanga nilimkuta kijana aliyegeuza kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kuwa jiko. Anauza ugali wa ulezi na samaki wa migebuka, kila mteja na boksi lake. Harufu ya ulezi wa moto ikanirudisha kwa baba.

Nilikuwa mtoto, tulikuwa tumetoka kijijini Mpui, naye akaniingiza hotelini kwa mara ya kwanza. Mlinuka vitunguu, na redio iliimba kwa sauti kubwa. Mhudumu akaleta sahani mbili za ugali wa ulezi, moja ya baba, moja yangu. Nikaingiwa na hofu. Kwetu tulikula wote sahani moja. Aliyetengewa yake alikuwa mgonjwa. Nikajua naumwa, ila wamenificha.

"Baba, nitapona?"

Alinitazama, kisha akacheka mpaka watu wakageuka. Akahamishia ugali wangu kwenye sahani yake, akanivutia kiti karibu. "Haya mwanangu, tule."

Sasa najua ulikuwa utaratibu wa mjini tu. Baba naye alishatangulia mbele ya haki.

"Shikamoo mzee," kijana wa kirikuu aliniamkia. "Boksi moja tu?"

"Marahaba. Moja tu."

Nikala nimesimama, peke yangu, kama mgonjwa.