Nilimpumzisha Mke Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya Itilima, Mganga Mfawidhi hakunipa hata kiti. Alinionyesha bibi mmoja aliyekuwa akilalamika kichwa, akasema, "Mpime presha, halafu muulize jana ameongea na nani."

Nilicheka moyoni. Nimetoka chuoni na diploma yangu, naambiwa niulize umbea! Yeye hakucheka. "Mzee anayekaa peke yake, dawa zangu hazimtoshi," alisema.

Baadaye nilimwelewa. Nilipohamishiwa Mwandoya, na mwisho Migato nikiwa mfawidhi mwenyewe, niliwauliza wazee wote swali hilo. Wale waliokuwa bado wanachunga, wanakwenda kanisani na kugombana kwenye vikao vya ukoo, niliwaona zahanati kwa nadra.

Mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa katika kikundi cha wanawake wa Migato waliolimiana pamba kwa zamu: leo shamba la huyu, kesho la yule, mstari mmoja, na nyimbo juu. Hakuwahi kulazwa hata siku moja.

Nilipostaafu nikajenga Bariadi mjini. Ukuta, geti, bomba ndani. Nikamwambia, "Umechoka vya kutosha. Mke wa daktari hashiki jembe uzeeni." Niliyaita hayo mapenzi, kumbe majivuno nayo yalikuwamo.

Mwaka wa kwanza aliniomba mara nyingi, "Baba Kulwa, nipeleke nikawasalimie wenzangu." Namjibu barabara ina tope, subiri. Akaacha kuomba. Miguu ikadhoofika, usingizi ukapotea, akaanza kusahau majina ya wajukuu. Nilimpima presha kila asubuhi, nikaandika kwenye daftari. Lile swali sikumuuliza, maana jibu nililijua.

Nilipompeleka hatimaye, tulimshusha garini kwa kumbeba. Wenzake wakaja.

"Mwangaluka, mayu," wakamsalimu kwa Kisukuma, wakimwita mama.

"Mwangaluka. Kesho tunalima kwa nani?"

Wakatazamana. Mmoja akajibu, "Kwako, mayu."

Akacheka. Kicheko chake nilikuwa nimekisahau. Kisha akanigeukia, "Jembe langu liko wapi?"

Nilikuwa nimeligawa tulipohama. Nikamwambia lipo nyumbani.

Alifariki wiki ile. Siku hizi kila asubuhi natembea hadi sokoni, napiga soga na wastaafu wenzangu, narudi kwa miguu. Presha yangu ni nzuri, nalala vizuri, na hilo ndilo linaloniuma.