Miaka Tisa ya Kungoja Barua

Watu wa Ruangwa huniuliza kwa nini mtu wa umri wangu analipa kodi kubwa ya nyumba, ilhali viwanja vya njia ya Chinongwe vinauzwa kwa bei ya baiskeli. Huwajibu kwamba mtumishi wa serikali ni mtu wa uhamisho. Jibu hilo ni la kweli, ila si lote.

Nilifika Nachingwea na mke wangu katikati ya miaka ya tisini, tukitokea Mbeya. Nilikuwa fundi wa pampu za maji. Tulipanga nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye sakafu ya saruji na madirisha ya vioo, mali ya bibi mmoja mjane mwenye mikorosho kijijini Lionja. Kodi ilimeza theluthi ya mshahara. Wenzangu kazini, waliopanga chumba kimoja kimoja, walinicheka.

"Fundi, kwa kodi hiyo umeshamjengea bibi nyumba ya pili. Ya kwako lini?"

Nilikuwa na sababu zangu, na nilikuwa nimeziandika kwenye daftari kama nilivyoandika kila jambo. Barua ya uhamisho inaweza kuja mwezi wowote. Nyumba haipakiwi kwenye lori. Mtu hujenga kwao, na kwetu Mbeya kuta zilikuwa zimeshafika kwenye lenta. Hata leo nikizisoma sioni iliyokosewa.

Mke wangu alitaka kupanda mlimau uani. Bibi alikataa. Kwenye nchi ya mikorosho, mti una mwenyewe hata kama ardhi ni ya mtu mwingine. Mpangaji akipanda leo, kesho anadai.

"Mama, mchicha panda, bamia panda," alisema. "Mti, nunua kwanza. Mie wanangu wako Dar, hawarudi huku kula vumbi. Nawauzia ninyi."

Mke wangu aliniangalia.

"Tungoje barua, bibi," nikasema.

"Barua gani hiyo, inakuja kwa miguu?" Wakacheka wote wawili.

Kila mwaka, akishauza korosho zake, bibi alirudia maneno yale, nami nilirudia jibu langu. Mke wangu hakubishana nami hata mara moja. Alikwenda kumwagilia mchicha.

Barua ilikuja mwaka wa tisa. Ilituhamishia Ruangwa, wilaya ya jirani. Mke wangu aliisoma mara mbili.

"Miaka yote hii tunangoja gari la Mbeya," alisema, "kumbe linaishia hapo!" Alicheka hadi akakaa chini, kisha akainuka kufunga vyombo.

Mvua za kwanza tukiwa Ruangwa, aliugua. Aliniomba nimpeleke Nachingwea akaione nyumba. Nikamwambia tungoje barabara ikauke. Alifariki kabla haijakauka. Kwa sababu ya tope hilohilo hatukuweza kumsafirisha Mbeya, tukamzika Ruangwa.

Bibi alifika wiki ya tatu, khanga imelowa hadi magotini. Alikaa mkekani, akalia kwanza. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, sasa ile nyumba nimuuzie nani?"

Sikumwelewa. Nilidhani alishaiuza siku nyingi.

"Mkeo alinijia mwenyewe," akasema, "mwaka wenu wa pili tu. 'Bibi, usimpe mtu. Huyu bwana ni mzito, lakini atakubali.' Wamekuja wanunuzi wa Lindi, wa Mtwara, nimewarudisha. Hata mlipohama, kila mtu anayetoka huku ananiletea salamu zake: bibi, bado ipo?"

Ningeweza kusema, niuzie mimi. Fedha niliyotenga kwa ajili ya bati za Mbeya ingetosha. Bibi alinisubiri, mikono imelala mapajani, wala hakuniharakisha.

Nikamwambia amuuzie yeyote atakayekuja na mkewe.