Bega Nyuma ya Kioo

Kwa miaka kumi na tisa Mama Unga aliendesha mashine ya kusaga nafaka, na miaka yote hiyo hakuna mteja aliyesema naye kwa sauti akasikika. Mle ndani watu walielewana kwa mikono: ngumi ni saga laini, kiganja wazi ni saga chenga, vidole viwili vikisuguana ni ngoja kidogo. Yeye alikwenda mbali zaidi. Alijifunza kusoma midomo, mabega, hata mkao wa shingo, akawa anamjua mwenye haraka kabla hajatua debe lake. Wateja wakasema yule mama hata ukinong'ona kando ya mashine anakudaka.

Magoti yalipomshinda aliacha kazi, akatoka na kikohozi cha vumbi na masikio yaliyokwisha. Kikohozi alikitangaza kwa kila mtu. Masikio aliyafukia. Nyumbani alikaa mgongo ukutani, macho mlangoni, asije mtu akamtokea kwa nyuma. Wengine wakicheka, naye alicheka. Akiulizwa jambo asilolidaka, alikuwa na jibu moja, kwamba haya mambo ni ya kuangalia tu, na ni ajabu jinsi jibu hilo lilivyotosha karibu kila mahali.

Lilitosha mpaka mjukuu alipozaliwa. Binti yake, muuzaji katika duka la dawa, alirudi kazini na kumwachia kichanga kuanzia asubuhi hadi jioni. Mama Unga hakuwa amepata raha kama ile kwa muda mrefu. Alimtazama yule mtoto bila kupepesa. Alichambua mchele mtoto akiwa mbele yake, alikunja nguo mtoto akiwa mbele yake. Siku moja tu ndipo alipogeuka kusugua sufuria. Binti alipoingia alimkuta mtoto mguu umebanwa kati ya kitanda na ukuta, amelia mpaka sauti imemkauka, na bibi yake yuko hatua tatu tu pembeni, amegeuza mgongo, anasugua masizi, ametulia tuli.

Mguu haukuvunjika, lakini binti hakusahau. Alisema waende kliniki ya masikio, tena akaliweka wazi jambo moja. Majibu yakiwa mazuri, basi ilikuwa ajali tu na mtoto atabaki kwa bibi yake. Yakiwa mabaya, atapelekwa kwa mama mmoja mtaa wa pili anayelea watoto kumi kwa pamoja.

Ndivyo Mama Unga alivyojikuta kwenye chumba kidogo cha kliniki kisichopitisha sauti. Binti na mtoto walibaki kwenye benchi la nje. Mtaalamu wa masikio, mwanamke kijana mwenye miwani, alimvalisha vipokea sauti, akampa kitufe, akamweleza taratibu kwamba akisikia mlio wowote, hata mwembamba kama wa mbu, abonyeze. Kisha akafunga mlango mzito na kwenda kukaa upande wa pili wa kioo.

Milio ya kwanza miwili ilikuwa minene, aliisikia. Baada ya hapo, kimya. Akainua macho kwenye kioo, na mazoea ya miaka kumi na tisa yakamfanyia kazi yake: kila mtaalamu alipobonyeza mashine, bega lake la kulia lilipanda kidogo, kiasi cha unene wa kidole. Bega likapanda, Mama Unga akabonyeza. Likapanda tena, akabonyeza tena. Hata moyo ukaanza kumtulia.

Mtaalamu aliandika kwenye karatasi, akakitazama alichoandika, akavua miwani akaifuta. Bega lilipanda mara tatu nyingine. Mama Unga akabonyeza mara tatu. Ndipo mlango ukafunguliwa, na mtaalamu akavuta kiti wakawa uso kwa uso.

"Mama," alisema, "hizo mara tatu za mwisho sauti nilikuwa nimeizima."

Mama Unga alijaribu kucheka, cheko likamfia mdomoni. Akamweleza yote, bega, sufuria, kitanda, yule mama wa watoto kumi, na akamwomba kwa hisani yake ampe karatasi hiyohiyo inayoonyesha anasikia. Mtaalamu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa huyo mtoto akilia nyuma yako, mwanangu wewe utaangalia bega la nani?"

Mtaalamu alimwita mwanangu kama anavyoitwa mkaidi, ingawa yeye mwenyewe alikuwa rika la binti yake Mama Unga. Kiti cha Mama Unga kikageuzwa, kikatazama ukuta, na kipimo kikarudiwa. Safari hii hapakuwa na bega wala kioo. Palikuwa na ukuta wa kijivu, na kimya kirefu kiasi kwamba alijua milio inapita humo, mingi, mmoja baada ya mwingine, na yeye amekaa tu kama siku ile ya sufuria. Alibonyeza alipokuwa na hakika, na hakika hiyo ilikuja mara chache sana.

Walipohamia upande wa pili wa kioo, mtaalamu aliinama kabatini kutafuta kifaa cha kusaidia kusikia, cha kujaribia, na karatasi ya kwanza, ile nzuri, ilikuwa bado mezani. Mama Unga aliikunja haraka akaitia mkobani.

Alivalishwa kifaa, kiganda nyuma ya sikio na uzi mwembamba unaoingia ndani, akaambiwa akae nacho wiki mbili. Akatoka akiwa na karatasi ya pili mkononi. Kwenye korido aligeuka mara mbili kumtafuta mtu anayemfuata, kumbe ni ndala zake mwenyewe.

Binti alisimama. Akauliza wamesemaje.

Mama Unga alimwomba arudie, si kwamba hakusikia. Ile sauti ilikuwa nzito, ya mtu mzima, imechoka. Miaka yote alikuwa akisoma midomo na kuijazia sauti ya msichana wa shule. Mkono wake ulikuwa tayari umeingia mkobani. Aliutoa na karatasi, akampa zote mbili.

"Hii nilimwibia yule dada, ni ya uongo. Hii nyingine ndiyo masikio yangu."

Binti alizisoma kwa utulivu wa mtu aliyezoea karatasi za dawa. Akauliza tangu lini.

"Tangu hujaolewa."

Binti alizikunja karatasi zote mbili. Kisha akasema mtoto ataenda kwa yule mama, mpaka kifaa kizoeleke na yeye mwenyewe ahakikishe. Mama Unga alilisikia kila neno, akaitikia.

Walipokuwa wakielekea mlangoni, Mama Unga mbele, mtoto mgongoni kwa mama yake aliguna kidogo, kama anayetaka kuanza kulia. Mama Unga alisimama akageuka kabla binti hajainua mkono kumbembeleza. Wakatazamana. Binti hakubadili alichosema. Ila alimkabidhi begi la nepi, akamwambia atangulie, na kuanzia hapo akatembea nyuma yake kimyakimya, makusudi. Mama Unga, asiyekubali mtu kuwa mgongoni kwake, alitangulia.