Bafta ya Bibi Juu ya Lango la Shule

Mpaka leo nikipita mbele ya shule nikaona kitambaa cheupe kimetandazwa juu ya lango, kimeandikwa kwa rangi kwamba mgeni fulani anakaribishwa, mimi hupandwa na hasira kabla hata sijasoma jina la mgeni. Watoto wangu wanajua. Huniambia, "Mama, tuzungukie njia ile nyingine." Wanadhani ni uzee. Si uzee hata kidogo. Nina sababu yangu na nitaieleza yote, pamoja na sehemu niliyoifanya mimi mwenyewe, ambayo si ya kujivunia.

Nilikuwa kidato cha tatu, Lindi mjini, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Shule yetu ilikuwa na klabu ya kujitolea, na mimi nilikuwa katibu wake. Sisemi kwa kejeli, maana tulifanya kazi kweli. Jumamosi tulifyeka nyasi za zahanati na kuwachotea maji wagonjwa wasiokuwa na ndugu. Tulipotaka kununua dawa ya madonda kwa ajili ya watoto wa shule ya msingi, tuliuza kashata, na zilipokwisha tukapanda lori kwenda Kilangala kuokota korosho kwa kibarua, tukarudi na vidole vyeusi ambavyo sabuni haikuviweza kwa wiki nzima. Hakuna aliyetulazimisha. Tulikuwa na miaka kumi na sita, kumi na saba, na tulijiona watu.

Siku moja akaja muuguzi mmoja, mwanamume mtu mzima, kutoka hospitali ya kusini iliyokuwa ikiwatibu wapigania uhuru waliovushwa Mto Ruvuma wakiwa wameumia. Vita ya ng'ambo ya mto ilikuwa haijaisha. Hakutuhutubia. Alisimama mbele ya darasa, mikono nyuma, akasema bendeji zimewaishia, wanachemsha zile zile zilizokwisha kutumika, na nyingine zimebaki nyuzi. Aliomba kitambaa cheupe cha pamba, hata kikuukuu, mradi kiwe safi. Tukishakusanya tumkabidhi dereva wa basi la Mtwara, wanajuana. Basi hilo lilipita mbele ya lango letu kila asubuhi.

Tukaanza kupita nyumba kwa nyumba na matenga. Watu walitoa. Wazee walitoa kanzu zilizochakaa shingoni, fundi cherehani mmoja alitupa mabaki ya mwezi mzima, na mke wa mwinjilisti, Mmakonde aliyekaa karibu na soko, alitoa kitambaa chake cha meza, amekifua na kukipiga pasi kama anayempelekea mtu zawadi. Kwetu nilikuja mwisho kwa sababu niliona haya kuomba nyumbani.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiishi nasi. Aliletwa Lindi na ndoa, kwao ni Kilwa Kivinje, na kazi yake ilikuwa kusuka ukili na kushona mikeka. Chini kabisa ya sanduku lake alikuwa ameweka sanda yake. Wazee wengi wa kwetu walifanya hivyo, ili siku ikifika wasimhangaishe mtu. Ilikuwa bafta nzima, kitambaa cheupe cha pamba, haijakatwa, ameinunua kwa mikeka yake mwenyewe, na kwenye pembe moja ameipitishia uzi wa buluu ili isichanganywe na shuka za nyumba. Aliihifadhi pamoja na karafuu maiti na chupa ya marashi. Kila baada ya Idi aliitoa ipate hewa, na sisi wajukuu tukiizunguka alitutania, "Hiyo ndiyo nguo yangu ya harusi ya pili, msiitie mikono."

Nilipomweleza habari za muuguzi, hakuacha kusuka. Aliuliza tu, "Hao walioumia ni watu wazima?"

"Wengine ni vijana kama mimi, bibi."

"Mama zao wako wapi?"

"Wako ng'ambo huko."

Akaweka ukili chini, akaenda chumbani. Aliporudi na ile bafta mikononi, mama aliyekuwa akichambua mchele aliacha ungo. "Mama, hiyo si sanda yako?"

"Ndiyo. Mie sijafa. Wao wanatoka damu leo."

"Na ukifa kesho?"

"Nikifa kesho mtajua wenyewe cha kuisitiri maiti yenu. Nisipokufa nitanunua nyingine." Kisha akanigeukia. Aliniita mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, na jina hilo alilitumia zaidi akiwa na jambo la maana. "Mke mwenzangu, chukua. Lakini ifike."

"Itafika, bibi."

Basi, magunia manne yakajaa. Tungeweza kuyapeleka kesho yake asubuhi, wanafunzi wanne na dakika tano za kungoja basi. Mwalimu mkuu akasema tusubiri. Jambo kubwa kama hili halipelekwi kwa basi kama samaki wakavu, alisema. Tutapeleka kwa lori la shule, na bendera mbele, likishatengenezwa. Lori lilikuwa juu ya mawe tangu nilipokuwa kidato cha kwanza. Magunia yakaingia stoo, mlango ukafungwa. Masika ikaja, barabara ya Rufiji inayotuletea bidhaa ikakatika kama kawaida yake, na madukani bafta ikawa haionekani hata kwa dawa.

Kila Ijumaa bibi aliniuliza, "Imefika?"

"Bado, bibi. Tunangoja lori."

Ijumaa ya nne sikuweza tena. Niliona aibu, na nilikuwa nimechoka kuona aibu kwa kosa ambalo si langu. Nikamwambia, "Imefika." Alisema alhamdulillahi na akaendelea na ukili wake, na mimi nikaenda kukaa uani peke yangu.

Halafu tukaambiwa mgeni mkubwa wa serikali anakuja kuipongeza shule kwa moyo wake wa kujitolea. Shule nzima ikapagawa. Tulipaka mawe chokaa, tukafagia mpaka njia isiyopitwa na mtu. Siku mbili kabla ya ugeni niliingia darasa la sanaa kutafuta gundi, nikawakuta wenzangu wawili wameunganisha meza na kutandaza kitambaa kirefu cheupe, mmoja ameshika brashi ya rangi nyekundu. Wamekwisha andika VIJANA WA KUJITO. Nilinusa karafuu maiti kabla sijaona uzi wa buluu.

Sikugombana nao, walikuwa wametumwa. Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu, na nadhani hata kubisha hodi nilibisha vibaya.

"Shikamoo mwalimu. Ile bafta ni ya majeruhi."

"Marahaba. Ndicho kitambaa pekee chenye urefu. Vingine vyote ni viraka."

"Ni sanda ya bibi yangu, mwalimu."

Alicheka kidogo, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma. "Bibi yako alitoa mwenyewe, au mlimnyang'anya?"

"Alitoa."

"Basi amekwisha toa. Kilichotolewa ni cha shule, na shule ni ya wote. Huo ndio ujamaa. Wewe ndiye katibu, unanishangaza kuwa na ubinafsi." Akavuta karatasi tatu zilizopigwa chapa. "Hii ndiyo risala. Utaisoma wewe. Kajizoeze, usiniaibishe."

Ubinafsi! Bibi yangu, ambaye hakuwa na kitu kingine kizima duniani ila ile bafta, ndiye mbinafsi, na mtu aliyefunga bendeji za majeruhi stoo akingojea lori la juu ya mawe ndiye mjamaa. Neno ujamaa nililipenda. Nililiimba gwarideni mpaka sauti ikakauka. Kuliona likitumiwa kuniziba mdomo ndani ya ofisi kuliniudhi kuliko hata rangi nyekundu.

Nilisoma risala nikiwa nimesimama barazani. Ukurasa wa pili ulisema: "Vitambaa vyote tulivyokusanya tumekwisha vifikisha kwa ndugu zetu waliojeruhiwa vitani." Nilimpelekea mwalimu mlezi wa klabu, nikamwonyesha kwa kidole. Alitazama karatasi, akatazama mlango wa ofisi. Akasema mwalimu mkuu alikwisha andika hivyo kwenye taarifa yake ya mwezi uliopita, na risala haiwezi kupingana na taarifa. Ugeni ukipita tutapeleka kimya kimya. "Wewe soma tu," akasema.

Siku yenyewe mji mzima uliitwa. Wazee walitengewa viti vya mbele. Kutoka jukwaani, karatasi mkononi, nilimwona bibi akija na wenzake watatu anaoshona nao mikeka. Chini ya lango akasimama. Alitazama juu, kwa muda mrefu, watu wakimpita huku na huku. Pembe moja ya bango ilikuwa imeshuka. Akainua mkono akaivuta karibu, akaipapasa kwa kidole gumba mpaka akapata alichokuwa akikitafuta. Akaiachia. Akaja akaketi kwenye kiti chake, akaweka mikono mapajani.

Ningeweza kuuruka mstari ule. Nimeuruka mara nyingi tangu hapo, kichwani mwangu, nikiwa jikoni au kwenye foleni ya benki. Siku ile sikuuruka. Nilipoufikia, mwalimu mkuu alikuwa ameegemea mbele, mgeni ametabasamu, na mimi nikausoma kwa sauti kubwa na safi kama nilivyofundishwa, na nikatua vizuri kwenye nukta. Watu walipiga makofi. Mgeni alinishika mkono akasema taifa linatutegemea.

Bibi aliningojea nje mpaka watu wakapungua.

"Mke mwenzangu, pale juu pameandikwa nini?"

"Vijana wa kujitolea tunakukaribisha."

"Aa. Na yale uliyoyasoma ni kweli?"

Nikaanza kuikunja risala.

"Basi hao walioumia wamefungwa vidonda na nini?"

Alijifunga vizuri ushungi, akawafuata wenzake.

Asubuhi yake walikuja shuleni, yeye na wale watatu, kabla ya kengele ya pili. Niliitwa ofisini nikawakuta wamekwisha keti, na mwalimu mlezi amesimama dirishani. Mwalimu mkuu aliwaamkia kwa adabu, "Shikamooni," wakaitikia, wakaulizana hali ya kazi, ya nyumbani, ya watoto. Kisha bibi akasema, "Mwalimu, jana mjukuu wangu amesoma mbele ya serikali kwamba vitambaa vyetu vimefika."

"Ndiyo, bibi."

"Alhamdulillahi. Sasa tumesikia humu stoo mna magunia manne ya vitambaa. Hivyo havitakuwa vyetu, maana vyetu vimefika. Tumekuja kuvisaidia navyo vifike. Basi la Mtwara halijapita."

Mwalimu mkuu alinitazama, akamtazama mwalimu mlezi, ambaye alikuwa akitazama viatu vyake. Kusema magunia yale ni yale yale hakuweza. Kusema si yale pia hakuweza. Alifungua mtoto wa meza, akatoa ufunguo. Wale bibi watatu walijitwisha gunia moja moja, mwalimu mlezi akabeba la nne, wakavuka nayo uwanja wa gwaride, wanafunzi wakichungulia madirishani.

Bibi yangu alibaki nyuma. Mwalimu mkuu akasema, kwa sauti ya chini, na nadhani kwa kutubu pia, "Bibi, lile bango tutalishusha leo. Tutalifua kwa mafuta ya taa, rangi itoke. Tutakurudishia sanda yako."

"Sanda nilikwisha toa, mwanangu. Sikutoa irudi, nilitoa ifike. Ishusheni."

Ikashushwa. Akaketi kwenye ngazi za ofisi, akaomba wembe, akaanza kuichana. Alitia wembe pembeni, akavuta kwa mikono miwili, na kila mara ile bafta ilipopasuka ilisikika mpaka madarasani. Vipande vyeupe vya juu na chini ya maandishi alinipa nivikunje. Mimi nikakunja, kichwa chini. Vyenye herufi alivikunja mwenyewe, kimoja juu ya kingine, kwa uangalifu ule ule. Alipomaliza aliingia ofisini akaviweka juu ya meza ya mwalimu mkuu.

"Maneno yako haya," akamwambia. "Nguo nimechukua."

Basi likaja likapakia magunia pamoja na vile vipande vyeupe. Dereva alikubali bila nauli, alijua yanakokwenda. Dakika tano, kama tulivyojua tangu mwanzo.

Bibi aliishi miaka mingine sita na akapata bafta nyingine, ya kupanga foleni tangu alfajiri, nyembamba kuliko ile. Lakini ninachokikumbuka ni njia ya kurudi nyumbani asubuhi ile. Nilitembea nyuma yake nikingoja anigombeze. Nilitaka anigombeze. Tulipita soko, tukapita nyumba ya mwinjilisti, na karibu na kwetu akasema bila kugeuka, "Jana ulisoma vizuri. Hata waliosimama nje ya ua walikusikia."

Kuniuliza hakuniuliza tena. Tangu siku ile, akitaka kujua kama kitu kimefika, alikwenda mwenyewe barabarani kumuuliza dereva wa basi.