Karatasi Aliyoisifu Bi Sindano

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Bi Sindano, na wala si kwa kushona, maana hata kifungo hakuwahi kukirudisha mahali pake. Sindano yake ilikuwa ya chuma, imechomekwa kwenye mpini wa mti. Aliachiwa na mjomba wake, aliyemfundisha tangu akiwa na miaka kumi na sita kuchora kwenye shaba kwa tindikali.

Kazi yenyewe ilihitaji subira. Analisugua bamba la shaba mpaka linang'aa, kisha analipaka nta nyembamba kote. Nta ikikauka anaikwaruza kwa sindano, ua au herufi, mpaka shaba ionekane. Halafu bamba linazamishwa kwenye beseni la tindikali. Penye nta tindikali haigusi, palipokwaruzwa inauma. Ukilitoa mapema mchoro unafifia, ukichelewa unaliwa wote. Siri ilikuwa kutazama vipovu vinavyopanda.

Alichora masinia, makombe na vibao vya milangoni. Mumewe, alipokuwa hai, alizoea kuwaambia wageni kwamba ana wake wawili, na yule wa shaba ndiye anayeamkiwa kwanza.

Kisha zikaja mashine zinazochora kibao kabla hujamaliza chai. Wateja wakapungua, wakabaki wachache wa zamani. Bi Sindano akapiga moyo konde. Lakini mwaka uleule alianza kugonga bega kwenye milango iliyokuwa wazi. Daktari wa macho alimpima, akavuta kiti karibu.

"Ni presha ya macho, mama. Kilichokwisha kufa hakirudi. Tutajaribu kukichelewesha kilichobaki."

Hakumwambia mtu, hata binti yake aliyeishi naye, aliyeuza dawa kwenye duka la jirani.

Wakati huo ndipo mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mwanamke mpole mwenye haraka, alipomfuata nyumbani. Alitaka watoto wafundishwe kazi ya mikono kila Alhamisi. Bi Sindano alikubali kabla hajamaliza kuombwa. Tindikali haiwezi kuingia darasani, kwa hiyo alikusanya pakiti tupu za maziwa, akazikata na kuzinyoosha. Ule upande wa ndani unaong'aa ndio uliokuwa shaba yao, na sindano ilikuwa msumari. Mtoto anakwaruza picha, anapaka wino, anafuta kwa kitambaa. Wino unabaki kwenye mikwaruzo. Anafunika kwa karatasi iliyoloweshwa kidogo, anasugua mgongo wa karatasi kwa kijiko, na picha inahamia.

Muhula wa kwanza ulikwenda vizuri. Alikuwa akizipeleka karatasi dirishani, anaziinamia mpaka pua inakaribia kugusa wino. "Huyu ana mkono mwepesi," alikuwa akisema, na mtoto anarudi kukaa kifua mbele. Muhula wa pili, hata dirishani aliona kijivu tu. Aliendelea kusifu.

Alhamisi moja, msichana aliyekaa dawati la mbele alimletea karatasi.

"Bibi, hii yangu."

Aliipeleka kwenye mwanga, akaigeuza taratibu. "Nzuri. Mistari yako imetulia. Hapa pembeni umekwaruza bila papara."

Hakuna aliyecheka. Wangecheka, ingekuwa nafuu. Darasa lilinyamaza kiasi kwamba alisikia chaki ikiandika darasa la jirani. Akapitisha kidole gumba juu ya karatasi. Ilikuwa kavu, laini, haijawahi kuloweshwa.

"Haina kitu?" aliuliza.

"Haina kitu, Bibi. Nilitaka kujua tu." Sauti ya msichana ilikuwa imeanza kulia. "Siku ile ulisifu picha yangu ya paka, na ulikuwa umeishika kichwa chini."

"Usilie. Hukukosea."

Alimaliza kipindi. Akakusanya misumari kwa kupapasa madawati, kisha akaenda ofisini kumweleza mwalimu mkuu.

"Tunaweza kukuwekea mwalimu wa kukusaidia, mama," alisema mwalimu.

"Atanisaidia kuona? Nitawasahihisha nini nisichokiona?"

Mwalimu hakusisitiza. Wiki iliyofuata kipindi kile kilikuwa cha hesabu.

Sasa ikabidi amwambie binti. Binti alilia, akaomba ruhusa ya wiki moja kazini ili ajifunze sindano. Siku ya nne alikuwa akikohoa na mikono imejaa madoa.

"Mama, kifua kinawaka. Na hata nikijua, nitamchorea nani?"

Bi Sindano akapapasa mpaka akalifunika beseni la tindikali.

Kilibaki kibao kimoja, cha wakili aliyekuwa mteja wake miaka ishirini. Alikichora kwa kupapasa, akakizamisha na kuhesabu kwa sauti badala ya kutazama vipovu. Wakili alipokuja, alikishika muda mrefu.

"Mama, jina langu halisomeki," alisema, kwa upole uliouma kuliko ukali. Akakiweka mezani, akaaga.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja Jumamosi, akabeba mabamba yote kwenye gunia, yenye michoro na yasiyo na michoro. Binti aliimwaga tindikali kwenye shimo la majivu nyuma ya nyumba, amefunga kitambaa puani. Chumba cha kazi wakakipangisha.

Miezi michache baadaye walikuwa wakila. Bi Sindano aliacha kutafuna, akageuza uso upande wa binti.

"Mbona hujawasha taa?"

"Ni saa saba mchana, mama."

"Ahaa," alisema. Akapapasa sahani mpaka akakipata kijiko, akaendelea kula.