Nusu za Mayai ya Mama Mbelu

Mama yangu, Mbelu, alikuwa mkali kwa mayai kuliko kwa shule. Kila Pasaka, kwetu Kolwezi, Katanga, aliyachemsha, akayapasua katikati, akatoa viini na kuviponda kwa mafuta, haradali na pilipili. Kisha akavitia rangi: vingine vyekundu kwa biteravu, ile mizizi myekundu, vingine vya kijani kwa mchicha wa lengalenga, vingine vya machungwa kwa karoti. Akishayajaza tena, nusu moja ya kila yai ilibaki kwetu, nusu ya pili ilivuka ua juu ya sahani kwenda kwa Jocelyne, jirani yetu Mlunda, mwenyeji wa Katanga kutoka Musumba. Mwenye kula nyekundu huku alijua ana mwenzake kule. Nayo sahani haikurudi tupu, ilirudi na karanga.

Mwaka 1993 wenyeji walitufukuza Katanga, sisi wa asili ya Kasai, ingawa babu alikuja kuchimba shaba kabla baba hajazaliwa. Vijana wao walipotutoa nyumbani, Jocelyne alisimama mlangoni kwake, kimya. Mama alimwona. Wiki ya tatu tukilala stesheni kungoja treni, alituambia mimi na mdogo wangu Mukuna: "Ile jina nisiisikie tena." Sikuogopa njaa kama nilivyoogopa hilo. Mama akishika neno, haliachi, na nilijua angeondoka na chuki hiyo.

Pasaka ikafika. Mukuna akaulizia yai lake la kijani, mama akamwambia anyamaze. Mchana Jocelyne akatokea, amepita mbele ya vijana waliozuia watu kutuletea chakula. Chini ya kitenge alikuwa na sahani yake ya bati yenye maua, na nusu nne za mayai. Rangi zilikuwa balaa. Nyekundu ilikuwa imevuja hadi kijani kikawa tope.

"Mama Mbelu," akasema, "ile siku niliogopa. Mi nilinyamaza. Unisamehe."

Mama akazihesabu zile nusu.

"Na ingine nusu?"

"Iko kwangu ku meza. Batoto banasema habatakula, mpaka ninyi mukule."

Mama akachukua nyekundu, akauma.

"Ulitia biteravu ya moto, ndiyo maana ilivuja," akasema. "Miaka yote unaniangalia, haukujifunza kitu." Kisha akalia, akampa Mukuna kijani chake cha tope.

Wanasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Jocelyne alichelewa wiki tatu, lakini alikuja, na namshukuru hadi leo. Bila yeye, mama angezeeka na uchungu ule.

Jocelyne alipotaka sahani yake, mama aliikumbatia. Hakuwa na kitu cha kuweka ndani. "Sahani ya mutu hairudi tupu," akasema. Tukapanda nayo treni.

Ilikaa ukutani kwetu Mwene-Ditu, huko Kasai, miaka kumi na mitatu. Tuliporudi Kolwezi, mama hakutaka hata kupumzika. Alichemsha mayai kwa shangazi, Mutoshi, aliyetutangulia kurudi, akayatia rangi, akaijaza sahani, tukaenda kubisha.

Jocelyne alifungua, kichwa cheupe. Aliangalia mayai, akamwangalia mama.

"Ulikawia na sahani yangu," akasema, akasogea tupite.