Tulivyokwenda Singida Nusu Maskini, Nusu Tajiri

Asubuhi tulipoondoka Kinyangiri tulikuwa wanne: Mzee Makala, mwenyekiti wetu wa kijiji; Mama Zuhura, anayeuza maandazi na kujua habari za kila nyumba; mjomba wangu Msengi, mwenye ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote upande ule; na mimi, Naomi. Waliotusindikiza mpaka barabarani ni wadogo zangu watatu, Elia, Yusta na Daudi. Nawataja wote kwa sababu siku hizi kila mtu kijijini anadai naye alikuwepo, na wengine wanaisimulia safari hii vizuri kuliko mimi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka hii ya ruksa, biashara ilipoachiwa kila mtu. Wafanyabiashara walikuja na malori yao, wakanunua alizeti yetu kwa bei waliyoitaka wao, kisha mafuta yakarudi kutoka mjini kwa bei waliyoitaka wao pia. Ndipo shirika la misaada, lile lililotuletea mahindi wakati wa njaa, likatuma habari kwamba limeungana na benki ya maendeleo. Kwa pamoja wangevisaidia vijiji kupata mashine za kukamua mafuta. Kijiji kitume wajumbe Singida Mjini.

Kijiji kilitaka mashine. Mimi nilitaka zaidi. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la tano nikawalea wadogo zangu. Mwaka ule mvua ilikuwa mbaya, na mjomba alikuwa ameshapanga: baada ya mavuno Elia aende Itigi kwa ndugu yetu anayefanya kazi reli, Yusta aende Kilimatinde kwa shangazi, na Daudi akachunge ng'ombe wa mjomba mwenyewe.

"Si kwa ubaya," aliniambia. "Peke yako hutawaweza."

Nilijua kwamba nikipata kazi kwenye ile mashine, nitawaweza.

Kabla sijasimulia safari yenyewe, lazima niwaeleze desturi moja ya kwetu. Gari la shirika lilikuwa na mlio wake, kama mtu mwenye kifua kibovu, na lilisikika tangu mbali. Likisikika tu, kila mtu alijua kazi yake. Wachungaji waliwaswaga ng'ombe porini. Blanketi nzuri ziliingia sandukuni. Wanawake walivaa kanga za kufanyia usafi. Gari likifika, mazizi ni matupu na wazee wamekaa chini wakishika tama. Hakuna aliyetuamuru. Mahindi yalikuwa yanakuja kwa wasio na kitu, basi tulikuwa hatuna kitu mpaka gari liondoke.

Kwa hiyo habari ya benki ilimpa Mzee Makala shida. Alikaa nayo siku nzima, kisha akatuita.

"Shirika linasaidia maskini," alisema. "Benki inamkopesha mwenye mali. Basi tupeleke wote wawili. Asubuhi maskini wataingia kwa shirika, mchana tajiri ataingia benki."

Tajiri alikuwa mjomba, hilo halikuhitaji mjadala. Alinunua koti la mitumba, zito, lenye manyoya shingoni, la nchi ambayo nadhani jua halijawahi kufika.

"Na maskini?" aliuliza Mama Zuhura.

Wote walinigeukia mimi.

"Wewe ni yatima halisi," mwenyekiti aliniambia kwa upole. "Kwako hatuhitaji kudanganya hata kidogo."

"Nina gauni zuri, mwenyekiti. Nimelishona mwenyewe."

"Liache nyumbani, mwanangu. Litatuharibia."

Mama Zuhura alijitolea kuwa maskini wa pili, ingawa ndiye mwanamke aliyevaa vizuri kuliko wote Kinyangiri. Alikubali kanga iliyochanika, akakataa katakata kuvua hereni zake za dhahabu. "Hata maskini ana masikio," alisema.

Mpaka Iguguno tulipanda lori la magunia. Mjomba alikaa mbele na dereva, maana tajiri hapandi juu, na sisi maskini tukakaa juu ya alizeti pamoja na mwenyekiti, aliyekuwa hajaamua yeye ni upande gani. Upepo ulikuwa mzuri kule juu. Mbele kulikuwa na joto la injini, na dereva alitueleza baadaye kwamba mzee yule alilowa jasho kama mtu anayeumwa malaria, lakini koti hakulivua. Iguguno tulipata basi. Kondakta aliangalia koti la mjomba, akaangalia kanga yangu, akamtoza mjomba nauli ya watu wote.

Jioni tulifika Singida Mjini, tukapokelewa na Hamisi, kaka yake Mama Zuhura, mwenye mgahawa karibu na stendi. Alitukagua kuanzia kanga mpaka koti.

"Dada, mmetoka msibani au mnakwenda harusini?"

"Tunakwenda mkutanoni."

"Na huyu mzee, baridi imempata wapi?"

"Huyo ni tajiri," alisema Mama Zuhura. "Muwekee kiti."

Hamisi alituchinjia kuku. Mwenyekiti alitukataza mimi na Mama Zuhura tusishibe sana, tusije tukaonekana na afya. Mama Zuhura alimjibu kwa kuchukua paja la pili.

Asubuhi tulikwenda ofisi ya shirika. Mpango ulikuwa mimi na Mama Zuhura tuingie na mwenyekiti, mjomba asubiri nje. Mlango ulipofunguliwa, Mama Neema wa shirika, tuliyemfahamu miaka yote ya mahindi, alikuwa amekaa kwenye meza ndefu, na pembeni yake bwana mmoja mwembamba mwenye tai.

"Karibuni wote," alisema Mama Neema. "Huyu ni Bwana Kaaya wa benki. Siku hizi tunafanya kazi pamoja, tumeona tuwasikilize pamoja. Yule mzee mwenye koti naye ni wenu? Aingie!"

Mwenyekiti alibaki ameshika kitasa cha mlango. Sijawahi kuona mtu akishikilia kitasa kwa mapenzi kiasi kile.

Tulikaa. Mama Neema akatuuliza kwa huruma, "Hali kijijini ikoje?"

"Mbaya sana, mama," alisema mwenyekiti. "Tumekwisha."

Bwana Kaaya akainua kalamu. "Na uwezo wa kurejesha mkopo?"

"Mkubwa sana, bwana. Hauna mfano."

"Mifugo ipo?"

Mwenyekiti alimtazama Mama Neema, akamtazama Bwana Kaaya. "Haipo," alisema upande huu. "Isipokuwa iliyopo," akamalizia upande ule.

Nilitarajia watufukuze. Badala yake waligeukiana wao kwa wao. Mama Neema alisema mashine hii ni kwa ajili ya wenye shida, na shirika litagharamia mafunzo ya mwenye shida tu. Bwana Kaaya alisema yeye hawezi kumkopesha mtu ambaye sifa yake ni shida, lazima awepo mwenye mali wa kumdhamini. Mama Neema alisema basi huo si ushirikiano. Bwana Kaaya alisema ndiyo maana aliomba kikao hiki kifanyike mwezi uliopita. Ilionekana walikuwa wameungana kwenye karatasi tu, bado hawajazoeana. Mama Zuhura aliniinamia: "Hawa wameoana bila kuchumbiana."

Mjomba hakuvumilia kukaa kimya na koti lile. Alisimama.

"Mali mnayoulizia ninayo mimi," alisema. "Msengi! Ulizeni toka Kinyangiri mpaka Nduguti. Ng'ombe wangu wakienda kunywa maji, mto unapungua."

Mama Neema alimtazama kwa mshangao mkubwa. "Kinyangiri? Hao ng'ombe wamezaliwa lini?"

"Mungu ni mkubwa, mama," alisema Mama Zuhura.

Bwana Kaaya alikuwa ameshaanza kuandika. "Vizuri kabisa. Mzee Msengi atakuwa mdhamini, ng'ombe wake ndio dhamana. Na atakayepata mafunzo na kuendesha mashine?"

Mama Neema akaninyooshea mkono. "Huyu binti."

Mjomba alitaka kukaa, lakini hakujua akikaa itamaanisha nini. Aliniangalia kama vile mimi ndiye niliyemvalisha lile koti.

"Mashine ni ya kuzungusha kwa mkono," Bwana Kaaya aliniambia. "Inahitaji watu. Unao?"

Hapo ndipo nilipopata nafasi yangu, na sikuiachia. "Ninao wadogo zangu watatu. Wakitoka shule tutakamua. Bila wao siwezi kuchukua mashine."

"Wapo hapo kijijini?"

"Wapo. Kama watabaki, muulize mjomba."

Chumba kizima kikamgeukia. Alikuwa ameshasema yeye ni Msengi, ameshataja mto.

"Wapo," alisema.

"Na watabaki?"

Alifuta jasho kwa manyoya ya koti. "Watabaki."

Ikaandikwa. Bwana Kaaya akafunga jalada. "Kilichobaki ni mimi kuwaona hao ng'ombe kwa macho yangu. Twende leo leo."

Mchana huohuo tulirudi kwa gari la shirika, sote tumebanana humo. Njia nzima mjomba alikuwa akimweleza Bwana Kaaya ukoo wa kila ng'ombe. Tulipoiacha barabara kuu Iguguno na kukaribia nyumbani, gari likaanza kukohoa kama kawaida yake. Mimi na Mama Zuhura tulitazamana. Tulikumbuka kwa pamoja, na tulikuwa tumechelewa.

Mbele yetu vumbi lilipanda. Ng'ombe wa Kinyangiri yote walikuwa wanakimbizwa porini, wa mjomba wakiongoza.

Mjomba alitoa kiwiliwili chote dirishani, manyoya yakipepea. "Warudisheni! Ni mimi! Warudisheni!"

Wachungaji waliona mzee wao ndani ya gari la watu, anapiga kelele na kurusha mikono. Walidhani amekamatwa. Waliongeza mbio.

"Hao ndio wenyewe?" aliuliza Bwana Kaaya.

"Ndio hao wanaokwenda," alisema mwenyekiti.

Tuliwafuata kwa miguu kwenye miiba. Bwana Kaaya alitupa tai begani. Mama Neema alivua viatu akatembea pekupeku, na mimi niliona aibu zaidi kwa ajili yake kuliko kwa kanga yangu. Tuliwakuta bondeni, ng'ombe wamesimama wanahema na wachungaji wamejificha nyuma yao. Bwana Kaaya alizunguka akiwatazama mmoja mmoja.

"Wana afya," alisema. "Dhamana nyingine huwa haiwezi hata kusimama."

Mama Neema aliinama, mikono magotini, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Kila alipojaribu kuacha, alimtazama mwenyekiti akaanza upya. "Miaka yote ile, Mzee Makala," alisema, "nilikuwa najiuliza maziwa ya chai yenu yanatoka wapi." Mwenyekiti alimwahidi debe la mafuta ya kwanza. Mjomba alitia sahihi palepale, karatasi ikiwa juu ya mgongo wa ng'ombe wake mwenyewe.

Nilipata mafunzo yangu, mashine ikaja, na tunakamua mpaka leo. Katika safari ile nilielewa kwamba wale wa huruma na wale wa hesabu, kila upande una nusu ya mlango tu, na kijiji kikileta nusu nyingine kwa bahati, ama kwa uongo, mlango unafunguka. Lakini gari likija siku hizi ng'ombe hawaondoki zizini. Huo ndio mwisho wa desturi yetu, na wapo wanaoisikitikia.

Mjomba hupita kila siku ya mnada kuniuliza kama alizeti imekuja ya kutosha, na kama watoto wana nguvu za kuzungusha. Huwaletea maziwa. Elia akipata homa, anayekimbilia zahanati ni yeye. Msimu uliopita Bwana Kaaya aliniambia kwamba nimefanya vizuri, naweza nikipenda kulipa deni lote mapema nikampumzisha mjomba wangu. Nilimshukuru. Daudi bado yuko darasa la nne, na siku deni litakapokwisha, mjomba hatakuwa tena na sababu ya kuogopa kumtuma machungani. Kwa hiyo nalipa kila awamu siku yake ikifika, kamili, wala si siku moja kabla. Deni lililobaki ni kubwa bado, na nalitunza vizuri.